Uso Mmoja, Migongo Thelathini: Hotuba Kuhusu Royal Crescent ya Bath

Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni kwenye mkutano wa jumuiya yetu ya Waswahili tunaoishi huku magharibi ya Uingereza. Wengi waliokuwa kazini au safarini wameomba kuisoma, basi nimeiandika kama nilivyoisema. Picha zilizooneshwa ukutani nimeziacha. Pale nilipokuwa nikinyoosha kidole, nimeeleza kwa maneno.

Mzee mwenyekiti, mama zangu, baba zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na sambusa: shikamooni kwa wenye kustahili, na wengine hamjambo.

Nina swali kabla sijaanza. Ni wangapi humu ndani wamewahi kusimama mbele ya Royal Crescent, lile jengo maarufu pale mjini Bath? Nyoosheni mikono. Naam, karibu ukumbi mzima. Wengi mmepiga picha pale, na wawili nawajua mmepigia picha za harusi. Sasa nawauliza tena: ni wangapi wamewahi kusimama nyuma yake?

Mkono mmoja. Kijana yule anapeleka vifurushi kwa gari, ndiyo maana anapajua.

Mimi ni mwashi. Kazi hii nilifundishwa na mjomba wangu Unguja, Mji Mkongwe, tangu nikiwa mtoto wa kuchota maji ya kulowekea chokaa. Mjomba alikuwa akifika kwenye nyumba ya kutengenezwa hagongi mlango. Anazunguka kwanza. Anaingia uchochoroni, anatazama ukuta wa nyuma, anapapasa, ananusa unyevu, kisha ndipo anarudi mbele kumsalimia mwenye nyumba. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Mbele wamejipamba kwa ajili ya wageni. Nyuma hawakumtegemea mtu."

Nilipokuja huku na kupata kazi kwenye kampuni ndogo ya kutengeneza majengo ya kale, siku yangu ya kwanza Bath niliwekwa nyuma. Nilipanda jukwaa la mafundi hadi usawa wa mifereji ya paa nyuma ya moja ya safu zile maarufu, nikageuka kutazama, nikabaki nimeduwaa. Asubuhi ile nilikuwa nimepita mbele, nikaona jengo moja kama kasri, nguzo kwa nguzo, hakuna jiwe lililopotoka. Huku nyuma sikuona kasri. Niliona nyumba nyingi zilizobanana, hii imetoka nje, ile imeingia ndani, dirisha hili liko juu, la jirani liko chini, ukuta wa mawe ya vipande hapa, mabomba kule, vyumba vilivyobandikwa baadaye kama mifuko kwenye kanzu. Nikamkumbuka mjomba.

Ndugu zangu, jioni hii nataka tuzunguke nyuma.

Tuanze na jengo lenyewe. Royal Crescent ni safu ya nyumba 30 zilizoshikana, zilizojengwa kati ya mwaka 1767 na 1774 hivi, na aliyeichora ni John Wood Mdogo. Imepinda kama mwezi mwandamo. Hilo neno "crescent" maana yake ni hilo hilo, hilali. Ghorofa ya chini ni ukuta mtupu, hauna pambo. Juu yake zinasimama nguzo 114, kila moja ikipita ghorofa mbili, na vichwa vyake vimekunjwa kama pembe za kondoo dume. Mwanzoni paliitwa Crescent tu. Neno Royal liliongezwa baadaye, baada ya Frederick, Duke wa York, mtoto wa mfalme, kukaa pale.

Enzi hiyo ni ya wafalme wanne waliofuatana, wote wakiitwa George, kuanzia 1714 hadi 1830. Waingereza wakisema nyumba ya Kijojia wanamaanisha ya wakati huo, haihusiani na nchi ya Georgia. Ni wakati ambao miji yao ilijengwa kwa mtindo huu wa nyumba kushikana bega kwa bega: London, Dublin, Edinburgh, Bristol, Bath. Lakini Bath ndiko mtindo ulikofika kileleni, na sababu yake ni maji. Pale chini kuna chemchemi inayotoa maji ya nyuzijoto 46, zaidi ya lita milioni moja kila siku. Wagonjwa walikuja kuoga na kunywa. Baada ya wagonjwa wakaja matajiri wasioumwa popote, wakitaka muziki, karamu, kamari na wachumba kwa binti zao. Walikaa miezi michache kisha wakaondoka. Watu hao walihitaji nyumba za kupanga, na zionekane za heshima.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo penye ufundi. Je, mnadhani John Wood alikuwa na fedha za kujenga nyumba thelathini? Hakuwa nazo. Je, alikopeshwa na serikali? Hapana. Alifanya hivi: alichukua ardhi kwa mkataba wa miaka mingi kutoka kwa familia ya Garrard, wenye shamba lile. Akachora uso. Uso peke yake, tangu nguzo ya kwanza hadi ya mwisho. Kisha akaukata uso ule vipande vipande kama mtu anayeuza kitambaa kwa dhiraa, akauza urefu. Wewe unanunua upana wako wa ukuta, unakubali kwa maandishi kwamba mbele utajenga kama mchoro unavyosema, jiwe kwa jiwe. Nyuma ya uso huo ni juu yako. Tafuta mchoraji wako, tafuta mafundi wako, gawa vyumba upendavyo, chimba jiko utakapo.

Ndiyo maana mbele ni mmoja na nyuma ni thelathini. Ukisimama kwenye majani mbele yake unaona mfalme mmoja anaishi pale. Ukipita nyuma unaona watu thelathini, kila mmoja na mfuko wake.

Ujanja huu hakuubuni yeye. Aliurithi kwa baba. John Wood Mkubwa, mzaliwa wa Bath, alianza mwaka 1728 pale Queen Square kwa ardhi aliyokodi kwa tabibu mmoja wa London, Robert Gay. Upande wa kaskazini wa uwanja ule aliziunganisha nyumba kadhaa zikawa na sura ya kasri moja, na katikati akaweka pembetatu kubwa juu kama ya hekalu. Mtu wa biashara tu, mwenye fedha ya kupanga kwa msimu, akawa anaingia na kutoka kwenye lango la kasri. Fikirieni mvuto wake!

Mzee Wood alikuwa mtu wa ndoto nzito, na mimi nampenda kwa hilo. Alikwenda akayapima kwa mkono wake, mwaka 1740, mawe ya Stonehenge, yale makubwa ya kale yaliyosimamishwa kwa duara. Aliamini kwamba Bath iliasisiwa na mwana wa mfalme wa kale aitwaye Bladud. Hadithi yenyewe inasema Bladud aliugua ukoma, akafukuzwa nyumbani, akawa mchunga nguruwe, mniwie radhi. Nguruwe nao wakapata ugonjwa wake. Siku moja wakajigaragaza kwenye tope la moto la chemchemi, wakatoka ngozi safi. Bladud akaingia tope lile lile, akapona, akarudi kwao, akawa mfalme, akajenga mji pale. Hadithi ni hadithi. Lakini Wood alipochora mtaa wa duara uitwao Circus, nyumba 33 kwa mafungu matatu, alitoa upenyo wa futi 318, karibu sawa na alivyolipima duara la Stonehenge. Na juu kabisa ya ukuta, mahali pa kuweka vyungu au sanamu, akapanga matunda ya mwaloni ya mawe. Kwa nini mwaloni? Kwa sababu ndicho chakula cha wale nguruwe.

Jiwe la kwanza la Circus liliwekwa Februari 1754. Mei mwaka huo huo mzee akafariki. Kijana wake akaibeba kazi ya baba hadi ikaisha mwaka 1768, na wakati huo alikuwa tayari ameanza ya kwake, hilali tunayoizungumza, umbali wa mtaa mmoja.

Sasa niwaingize kwenye jambo la moyo wangu. Jiwe.

Nyumba hizi zote ni za rangi moja, rangi ya asali. Hilo ni jiwe la chokaa kutoka vilima vya Combe Down, juu ya mji. Mwenye machimbo alikuwa Ralph Allen, kijana wa Cornwall aliyepewa ofisi ya posta ya Bath akiwa na miaka 19 tu, akatajirika kwa kuipanga upya njia ya barua za nchi. Fedha ya barua akaiweka kwenye mawe. Akatandika reli za mbao kutoka machimboni hadi mtoni, magari yakateremka kwa uzito wake yenyewe yakiwa na mawe, farasi wakayapandisha matupu. Alijaribu kuuza jiwe lake London kwa ajili ya hospitali ya mabaharia ya Greenwich, mafundi wa huko wakalidharau, wakalifananisha na jibini. Basi akajijengea jumba zima juu ya kilima, Prior Park, kwa mchoro wa mzee Wood, kila atakayepita mjini aone jiwe lile linaweza nini.

Mafundi wenzangu mliomo humu mnajua: jiwe hili likitoka ardhini lina maji yake, ni laini, unalikata kwa msumeno wa mkono. Likikaa hewani linajikaza. Nalo lazima lilazwe ukutani kama lilivyokuwa limelala ardhini, matabaka yake yakiwa ya kulala. Ukilisimamisha, baridi ya miaka michache italibambua ganda kwa ganda kama kitunguu.

Na linaunganishwa kwa nini? Kwa chokaa! Jamani, siku nilipofungua ndoo ya chokaa iliyolowekwa, Bath, nikanusa, nilikuwa Unguja. Mjomba alikuwa akisema chokaa inapumua. Sikumwelewa hadi nilipoitwa kwenye nyumba moja ambayo sitaitaja, safu nyingine si hii. Mwenye nyumba alilalamika kwamba chumba cha chini kinanuka ukungu na rangi inabanduka kila mwaka. Nikazunguka nyuma. Fundi aliyepita kabla yangu alikuwa amejaza viungo vyote kwa saruji ngumu. Ukuta wa mawe laini hunywa mvua, kisha huitema kupitia viungo vya chokaa. Huyu bwana aliziba midomo yote. Maji yakakosa pa kutokea, yakapita ndani ya jiwe lenyewe, na jiwe likawa linapukutika huku saruji imesimama imara kama meno kwenye fizi zilizooza. Wiki tatu nilikuwa nakwangua saruji kwa patasi na nyundo ndogo, inchi kwa inchi, bila mashine, kisha nikarudishia chokaa. Kosa hili hili nimeliona Mji Mkongwe kwenye kuta za mawe ya matumbawe. Chokaa ni moja. Uharibifu ni mmoja. Ndugu zangu wenye nyumba za familia kule nyumbani, fundi akija na mfuko wa saruji kwenye ukuta wa babu yako, mzuie. Mzuie kwa heshima, lakini mzuie!

Tuingie ndani. Mnaonaje, madirisha ya mbele yana urefu mmoja? Safari ijayo yahesabuni kwenda juu. Yale marefu kuliko yote ni ya ghorofa ya kwanza, kwa sababu pale ndipo kilipokuwa chumba cha wageni, mahali pa chai, muziki na kuonekana. Chini yake, usawa wa barabara, walikula. Juu yake walilala, madirisha yanapungua. Juu kabisa darini, vidirisha vidogo vya kwenye paa, ndipo walipolala watumishi. Na chini ya barabara, kwenye chumba ambacho wengi mmekipita bila kukitazama, palikuwa na jiko. Dirisha la nyumba hizi linakwambia mtu aliye nyuma yake ana thamani gani kwa mwenye nyumba, na hakuna aliyeficha.

Makaa ya mawe yalihifadhiwa kwenye mapango chini ya njia ya waendao kwa miguu. Mapango hayo hayakuchimbwa sana. Mara nyingi Bath waliinua barabara juu yake. Kwa hiyo ukitembea kwenye mitaa ile, unatembea juu ya matao matupu. Mtumishi msichana aliamka gizani, akabeba makaa kutoka chini ya ardhi hadi ghorofa ya tatu, akashuka na majivu, akapandisha maji ya moto, akashuka na ndoo za usiku. Hesabuni ngazi. Mimi nimezihesabu nikiwa na mfuko wa chokaa begani, na mimi nilikuwa nalipwa kwa saa.

Nyumba namba 1 ya Royal Crescent leo ni makumbusho, imefunguliwa tangu 1970. Kwa miaka mingi wageni walioneshwa vyumba vya matajiri, kwa sababu bawa la watumishi lilikuwa limetengwa likawa nyumba ya mtu mwingine. Mwaka 2013 bawa lile lilirudishwa, milango ikafunguliwa tena kati ya pande mbili. Nendeni mkaone. Mnatoka kwenye zulia mnakanyaga jiwe tupu, hatua moja tu.

Na nje mlangoni pale walikuwapo wabebaji. Mgonjwa, au bibi mwenye gauni pana, hakutembea kwenye tope. Aliingia kwenye kibanda chenye kiti, wanaume wawili wakakibeba kwa miti kama machela, wakapandisha vilima vile vya Bath mnavyovijua. Jioni ya tarehe 18 Machi 1772, kutoka nyumba namba 11, mwimbaji kijana Elizabeth Linley, ambaye sauti yake ilikuwa imejaza kumbi za mji mzima, alitoka kimya kimya akatoroka na Richard Brinsley Sheridan, aliyekuja kuwa mwandishi maarufu wa tamthilia, hadi Ufaransa. Kibao kipo ukutani. Watalii wanapenda sana kisa hicho, na mimi nakipenda pia. Lakini nyumba hizi zina kisa kingine ambacho ndicho kilichonifanya nikubali kuzungumza jioni hii.

Fedha. Fedha ilitoka wapi?

Wasomi wetu mliomo humu mnajua jibu. Sehemu kubwa ya utajiri wa enzi ile huku magharibi ilinuka sukari. Siwaambii kila nyumba ilijengwa kwa sukari, wako waliokuwa na mashamba ya Uingereza yenyewe, wako wanasheria, wako maaskari wastaafu. Lakini tembeeni. William Pulteney, mwenye ardhi ng'ambo ya mto, aliyemwajiri Robert Adam kujenga lile daraja zuri lenye maduka lililokamilika mwaka 1774, alikuwa na mashamba ya watumwa visiwa vya Karibi. Pandeni kilima hadi Lansdown Crescent. Pale aliishi William Beckford kuanzia 1822, akanunua nyumba pande zote mbili za kichochoro na kuziunganisha kwa daraja dogo la juu. Baba yake alikuwa Meya wa London mara mbili, na urithi aliomwachia mtoto wa miaka tisa ulikuwa mashamba ya miwa Jamaica, na watu waliokuwa wakifa ndani yake.

Na tuje hapa Bristol, mtaa wa Great George, namba 7. Ni nyumba ya mjini ya mfanyabiashara, ya enzi hiyo hiyo, leo ni makumbusho, kuingia ni bure. Ilijengwa karibu mwaka 1790 kwa ajili ya John Pinney, mwenye mashamba ya miwa kisiwani Nevis. Chini kabisa, kando ya jiko, kuna kidimbwi cha mawe ambamo bwana alijitumbukiza kwenye maji baridi asubuhi kwa ajili ya afya yake. Nilisimama pale nikajiuliza nani aliyashughulikia maji yale.

Ndani ya nyumba ile aliishi mtu anaitwa Pero. Naomba mlitamke. Pero. Mwaka 1765, akiwa na miaka 12, Pinney alimnunua Nevis pamoja na dada zake wawili wadogo, Nancy na Sheeba. Akamfanya mtumishi wake wa karibu. Mwaka 1783 familia ilipohamia Bristol, Pero alikuja nao, dada zake wakabaki ng'ambo ya bahari. Alikuja pia Fanny Coker, mshonaji, aliyezaliwa utumwani na kuachwa huru akiwa binti mdogo. Wote wawili waliishi chini ya paa moja, wakipanda ngazi zile zile, mmoja huru na mwingine si huru. Pero alimtumikia Pinney zaidi ya miaka thelathini. Akaugua, akafa mwaka 1798. Hakuachwa huru hata siku moja.

Kila mara tunapovuka lile daraja la miguu pale bandarini, lenye pembe mbili kubwa kama baragumu, lililofunguliwa mwaka 1999, tunavuka jina lake. Linaitwa Daraja la Pero. Ni wangapi hapa wamelivuka wiki hii? Naona mikono. Watoto wenu wanalipita wakienda kula aiskrimu. Waambieni.

Na bunge lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833, zilitengwa pauni milioni 20 za fidia. Walilipwa wenye watumwa. Baadhi ya barua za madai ziliandikwa kwenye meza za nyumba kama hizi, karibu na dirisha refu la ghorofa ya kwanza ambako mwanga ni mzuri. Waliofanywa watumwa hawakupata hata senti.

Mama mmoja aliniuliza wakati wa chai: sasa wewe unazitengenezaje nyumba hizo, roho haikuumi? Mama yangu, inaniuma. Lakini mawe yale yalikatwa na mafundi, yakapangwa na mafundi, na kazi yao ni safi, sijawahi kuona viungo vyembamba kama vile. Mimi namheshimu aliyelilaza jiwe. Na nataka ukuta usimame, ili mtoto wangu nikimpeleka pale nimwoneshe dirisha la darini na mlango wa jiko kwa kidole, si kwa kitabu. Ukuta ukianguka, Pero anabaki bila nyumba hata ya kusimuliwa.

Fedha hiyo ya haraka ilikuwa na mwisho wa haraka. Mwaka 1793 vita na Ufaransa vilianza, benki zikatetereka, na benki ya mjini Bath ikaanguka. Nendeni Great Pulteney Street, mtaa mpana ajabu, mtazame njia zinazochomoza pembeni. Zinaanza kwa ukuta mzuri, halafu zinakatika ghafla. Mitaa ile iliishia kwenye karatasi. Mmoja, Sunderland Street, una anwani moja tu mpaka leo.

Lakini ninachokipenda kuliko vyote ni Camden Crescent. Mchoraji wake, John Eveleigh, alianza mwaka 1788 kujenga hilali juu ya mteremko mkali. Juu ya kila mlango akachonga kichwa cha tembo, nembo ya ukoo wa Camden. Ndiyo, tembo, Bath, juu ya milango! Upande wa mashariki kilima kikaporomoka. Nyumba za upande ule hazikuwezekana tena, na zilizobaki ziliachwa kama zilivyo. Kwa hiyo pembetatu ya juu ambayo ingekuwa katikati sasa iko kando, na ina nguzo tano, moja imesimama katikati kabisa, jambo ambalo mwanafunzi wa kwanza wa ujenzi angekatazwa. Eveleigh mwenyewe akafilisika mwaka ule ule wa benki. Mimi nikipita pale husimama. Kilima hakikudanganyika na uso.

Nipite haraka mwisho wa habari, maana mzee mwenyekiti ananitazama. Moshi wa makaa uliyageuza mawe yale meusi kwa miaka mingi. Hiyo rangi ya asali mnayoiona imesafishwa. Aprili 1942 ndege za Ujerumani ziliupiga mji kwa usiku mbili, wakafa watu zaidi ya 400, na nyumba namba 2 na namba 17 za Royal Crescent ziliungua ndani zikabaki kuta. Zikajengwa tena nyuma ya uso ule ule. Mwaka 1987 mji wote uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Na miaka ya 1970 mwanamke aliyekuwa akiishi namba 22 aliupaka mlango wake rangi ya njano. Halmashauri ikaja juu: milango ya pale ni myeupe, rudisha. Akakataa. Kesi ikapanda hadi kwa waziri, na mwanamke akashinda. Wazee wa majengo wengi hawakupendezwa. Mimi nasema yule mama aliwaambia ukweli ambao John Wood aliuandika kwenye mikataba yake: ni nyumba thelathini zile, na kila moja ina mwenyewe. Mlango ungali wa njano. Hata ukiwa mbali kwenye majani unauona.

Kesho Jumapili, kwa wanaotaka kuja, tukutane saa nne kamili asubuhi. Tusikutane mbele. Tukutane Crescent Lane, kichochoro cha nyuma, vaeni viatu vya kutembea, na watoto waje. Tutaanza na migongo yote thelathini, taratibu, na kijana wa vifurushi atatutangulia kwa kuwa anaijua milango ya nyuma. Kisha tutazunguka kwa Brock Street tukatazame matunda ya mwaloni, tupande hadi kwa tembo. Nitakuwa na ndoo ndogo ya chokaa kwenye gari, atakayetaka kuinusa aniambie.